Georgia 2020: Jimbo lililohesabu kura zake mara tatu

Katikati ya Novemba 2020, katika kaunti zote 159 za jimbo la Georgia, watumishi wa uchaguzi waliketi mezani wawili wawili. Mmoja aliinua karatasi ya kura, akasoma kwa sauti jina la mgombea urais, akampa mwenzake. Wa pili akaisoma kwa macho yake mwenyewe, akaridhika, akaiweka kwenye fungu lake: Trump, Biden, Jorgensen, au fungu la kura zenye utata zilizosubiri uamuzi. Fungu likishahesabiwa, idadi iliandikwa kwenye fomu na karatasi zikarudishwa sandukuni. Mawakala wa vyama walisimama pembeni wakitazama. Kwa mtindo huo, moja baada ya nyingine, kura karibu milioni 5 zilipita mikononi mwa watu.

Wakati kazi hiyo inaanza, Joe Biden alikuwa mbele ya Donald Trump kwa kura zipatazo 14,000. Mambo yote yalipokamilika mwezi Desemba, pengo lilikuwa kura 11,779, chini ya robo ya asilimia moja: Biden 2,473,633 na Trump 2,461,854. Jo Jorgensen wa chama cha Libertarian aliondoka na kura 62,229, mara tano ya pengo lenyewe.

Uchaguzi huu una maswali mawili ambayo watu wengi huyachanganya. La kwanza: kwa nini jimbo lililompa Trump ushindi wa kura 211,141 mwaka 2016 lilimgeuka miaka minne baadaye? La pili: kwa nini matokeo yaliyokaribiana hivyo, tena yakipingwa na rais aliye madarakani kwa kila nguvu aliyokuwa nayo, hayakupinduliwa? Swali la kwanza lina majibu mengi. La pili lina jibu fupi, na ndilo ninalotaka msomaji aondoke nalo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Georgia ilikuwa na daftari la karatasi, na ilikuwa na watu waliokubali kilichoandikwa humo hata kilipowauma.

Jimbo ambalo kura hazikuwa na uzito sawa

Rais wa Marekani hachaguliwi kwa jumla ya kura za nchi nzima. Kila jimbo lina idadi yake ya wajumbe wa uchaguzi, jumla yao 538, na anayefikisha 270 ndiye rais. Georgia ina 16. Katika majimbo karibu yote anayeongoza, hata kwa kura moja, huzoa wajumbe wote. Ndiyo maana kura 11,779 zilikuwa na thamani ya wajumbe 16, na ndiyo maana zilipiganiwa vile.

Kabla ya 2020, mgombea wa mwisho wa chama cha Democratic kuichukua Georgia alikuwa Bill Clinton, mwaka 1992. Lakini anayetaka kuielewa Georgia hana budi kurudi nyuma zaidi, kwa sababu ugomvi kuhusu kura ya nani ihesabiwe haukuanza na Trump.

Kwa miongo mingi chama cha Democratic huko Kusini kilikuwa chama cha Wazungu, na sheria zilitungwa ili Mtu Mweusi asifike kwenye sanduku. Kodi ya kupiga kura ilifutwa Georgia mwaka 1945. Kura za mchujo za Wazungu peke yao zilikoma mwaka 1946 baada ya mahakama kuingilia. Ukabaki mfumo mwingine ambao watu wa nje wanaufahamu kidogo, wa kuhesabu kwa vizio vya kaunti. Katika mchujo wa chama, kaunti kubwa kabisa zilipewa vizio 6, za kati 4, na ndogo 2. Kaunti ya Echols, yenye watu wasiofika 2,000, ilikuwa na vizio 2. Kaunti ya Fulton, iliyobeba jiji la Atlanta na watu zaidi ya 550,000, ilikuwa na 6. Kaunti tatu za mashambani, zenye watu wa kujaza uwanja mmoja wa mpira, zililingana na Atlanta nzima.

Mahakama ya Juu ya Marekani iliuvunja mfumo huo mwaka 1963 katika kesi ya Gray dhidi ya Sanders, na katika hukumu hiyo ndimo ilimotamkwa kanuni ya mtu mmoja kura moja. Miaka miwili baadaye ikaja Sheria ya Haki za Kupiga Kura. Wazungu wengi wa Kusini walihama polepole kwenda Republican, na mwaka 2002 Georgia ikamchagua Sonny Perdue, gavana wake wa kwanza wa chama hicho tangu enzi za baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Mgongano wa Atlanta na mashamba, basi, ni wa zamani. Kilichobadilika ni kwamba kura za Atlanta sasa zina uzito uleule wa kura nyingine, na Atlanta imekua.

Viunga vilivyogeuka

Chukua kaunti mbili za pembezoni mwa Atlanta, Cobb na Gwinnett. Kwa miaka mingi zilikuwa ngome za Republican, zenye nyumba za watu wa kipato cha kati, makanisa makubwa na barabara pana za kwenda kazini mjini. Mitt Romney alizishinda zote mbili mwaka 2012. Mwaka 2016 Hillary Clinton akazipata kwa taabu, Cobb kwa kura kama 7,000 na Gwinnett kwa kura kama 19,000. Mwaka 2020 Biden alishinda Cobb kwa zaidi ya kura 56,000 na Gwinnett kwa zaidi ya 75,000.

Tupige hesabu. Kutoka ushindi wa Trump wa 211,141 hadi ushindi wa Biden wa 11,779, jimbo lilisogea kwa karibu kura 223,000. Kaunti hizo mbili peke yake zilichangia takriban 105,000, karibu nusu ya safari yote.

Mambo mawili yalikuwa yakitokea humo kwa pamoja. Wakazi walibadilika. Mwaka 1990 wakazi tisa kati ya kumi wa Gwinnett walikuwa Wazungu, lakini leo hakuna kundi moja linalofika nusu. Wamehamia Weusi kutoka kaskazini mwa Marekani, Wakorea, Wahindi, Walatino na Waafrika. Na wale waliokuwapo nao walibadilika, hasa Wazungu wenye elimu ya chuo waliozoea kuipigia Republican bila kufikiri mara mbili, kisha wakachoshwa na mtu aliyekuwa kwenye tiketi yake.

Hili la pili lina ushahidi wa wazi. Siku ileile Georgia ilipiga kura ya useneta. David Perdue wa Republican alipata 2,462,617, akimzidi Trump kwa mia saba na ushee. Mpinzani wake Jon Ossoff alipata 2,374,519, pungufu ya Biden kwa karibu 100,000. Wapo waliompigia Biden kisha wakamrudia Perdue, na wapo waliompigia Biden wakaacha pengine patupu. Tanzania tungesema mafiga matatu, yaani kukipigia chama kimoja nafasi zote, yalivunjwa. Brad Raffensperger, Katibu wa Jimbo na mwana-Republican, baadaye aliiambia kamati ya Bunge kwamba watu 28,000 waliiacha wazi nafasi ya rais huku wakijaza nafasi nyingine, na kwamba wagombea ubunge wa chama chake kwa jumla walipata kura 33,000 zaidi ya Trump. Mwizi wa kura mwenye akili angemwibia na Perdue pia.

Daftari la wapiga kura

Jibu jingine linamhusu Stacey Abrams. Alikuwa kiongozi wa wachache katika Bunge la jimbo, akaanzisha New Georgia Project mwaka 2013 kuandikisha vijana na watu wa jamii zilizosahauliwa. Mwaka 2018 aligombea ugavana akashindwa na Brian Kemp kwa takriban kura 55,000. Kemp huyo ndiye aliyekuwa Katibu wa Jimbo, msimamizi wa uchaguzi aliokuwa akigombea mwenyewe. Abrams akaanzisha Fair Fight, na kazi ya kugonga milango ikaendelea. Pamoja na juhudi hizo, tangu 2016 anayechukua leseni ya udereva Georgia huandikishwa kuwa mpiga kura palepale asipokataa. Daftari likanenepa.

Katika kaunti ya DeKalb kuna mji mdogo wa Clarkston, uliopokea wakimbizi kwa miongo kadhaa, wakiwemo Wakongo. Kiswahili kinasikika madukani humo. Mkimbizi aliyeapishwa kuwa raia akajiandikisha alihesabika sawa na mjukuu wa mwenye shamba la pamba. Ni idadi ndogo ya watu, lakini pengo nalo lilikuwa dogo.

Hapa pana mtego wa kiuchambuzi. Pengo likiwa 11,779, kila kundi linaweza kusimama na kusema ni sisi tuliomweka: wanawake Weusi waliogonga milango, Wazungu wa viunga, Waasia wa Gwinnett, wapiga kura wa mara ya kwanza. Wote husema kweli, kwa sababu ukiondoa kundi lolote mzigo unaanguka. Ninachokikataa ni kumpa mmoja sifa yote. Pasipo uandikishaji wa miaka saba, wale waliochoshwa na Trump wasingetosha. Na pasipo wao, uandikishaji ungeishia kwenye kushindwa kwa heshima, kama 2018.

Usiku ulioenda polepole

Corona ilibadilisha namna ya kupiga kura. Takriban watu milioni 1.3 walipiga kwa posta, milioni 2.7 walikwenda vituoni mapema kabla ya siku yenyewe, na waliobaki, kama milioni moja, walisubiri tarehe 3 Novemba. Trump alikuwa amewaambia wafuasi wake kwa miezi kwamba kura za posta ni za wizi. Wakamsikia. Karibu theluthi mbili ya kura za posta zikawa za Biden, na za siku ya uchaguzi nyingi zikawa za Trump. Raffensperger alisema wana-Republican wapatao 24,000 waliopiga kwa posta katika mchujo wa Juni hawakupiga kabisa Novemba. Idadi hiyo ni mara mbili ya pengo.

Usiku wa matokeo Trump alitangulia. Kisha bahasha zikaendelea kufunguliwa, na uongozi wake ukapungua saa baada ya saa. Alfajiri ya Ijumaa, 6 Novemba, kura za kaunti ya Clayton zilimvusha Biden akaongoza kwa kura kama 900. Sehemu ya Clayton ilikuwa katika eneo la John Lewis, mbunge aliyepigwa na polisi Selma mwaka 1965 akidai haki ya kura, na aliyefariki Julai 2020. Wengi waliikumbuka habari hiyo asubuhi ile.

Kwa mtu asiyejua utaratibu, namba zinazogeuka usiku zinanuka kuchakachuliwa. Kwa anayejua, ni aina moja ya kura kuhesabiwa baada ya nyingine. Kati ya watu hao wawili ndipo uongo ulipopata nafasi ya kukaa.

Hesabu tatu

Tangu 2002 Georgia ilitumia mashine za kugusa zisizotoa karatasi. Ukitaka kuhesabu upya, mashine ilikurudishia namba ileile uliyokuwa ukiitilia shaka. Wanaharakati walikwenda mahakamani, na jaji wa shirikisho Amy Totenberg akaamuru mashine hizo zisitumike baada ya 2019. Jimbo likanunua mitambo ya kampuni ya Dominion. Mpiga kura aligusa skrini, mashine ikachapa karatasi yenye majina aliyochagua pamoja na msimbo wa mraba, na skana ikasoma msimbo huo. Karatasi ilibaki sandukuni. Mchujo wa Juni 2020 ulikuwa na foleni za saa nyingi, lakini karatasi zilikuwepo.

Tarehe 11 Novemba Raffensperger alitangaza ukaguzi. Sheria mpya ilitaka kukaguliwa sampuli ya kura za nafasi moja. Yeye aliichagua ya rais, na kwa kuwa pengo lilikuwa dogo mno, sampuli ya kutosha ingekuwa kubwa kiasi kwamba ilikuwa rahisi zaidi kuhesabu zote. Ndipo meza zile zikapangwa. Jambo la msingi ni kwamba watu pale mezani walisoma maandishi, si msimbo. Kama skana ingekuwa imedanganya, maandishi yangeifichua.

Hesabu ya mikono ilimpa Biden ushindi wa 12,284. Hesabu ya mashine iliyoidhinishwa tarehe 20 Novemba ilikuwa 12,670. Tofauti ni 386 katika kura milioni 5. Kwa sababu pengo lilikuwa chini ya nusu ya asilimia, Trump aliomba mashine zihesabu tena, na hiyo hesabu ya tatu ndiyo iliyotoa 11,779.

Ukaguzi ule uligundua pia kura zilizosahaulika katika kaunti nne. Floyd kulikuwa na zaidi ya 2,500 ambazo hazikupitishwa kwenye skana. Fayette kulikuwa na idadi kama hiyo kwenye kadi ya kumbukumbu ambayo haikupakiwa. Walton na Douglas zilikuwa mamia. Nyingi zilikuwa za Trump, na ndizo zilizopunguza uongozi wa Biden kutoka 14,000. Yaani karatasi zilimtetea hata yule aliyekuwa akizituhumu. Zilimrudishia kila kura aliyopigiwa, na bado hazikutosha.

Miongoni mwa waliotazama ukaguzi huo walikuwemo waangalizi wa Carter Center. Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaijua. Ni taasisi ya Jimmy Carter, aliyekuwa gavana wa Georgia kabla ya kuwa rais, na makao yake yako Atlanta. Waangalizi wake walikuwa Kenya Agosti 2017, wakiongozwa na John Kerry na Aminata Touré, na walisifu namna upigaji kura ulivyokwenda. Tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu ya Kenya ikafuta uchaguzi ule kwa kasoro za kupeleka na kujumlisha matokeo. Foleni nzuri mchana haithibitishi hesabu ya usiku. Miaka mitatu baadaye, taasisi hiyohiyo ilikuwa nyumbani kwake ikiangalia mahali panapostahili kuangaliwa zaidi, pale karatasi inapogeuzwa kuwa namba.

Simu ya saa moja

Lakini karatasi haijitetei. Inahitaji mtu wa kuisimamia, na hapo ndipo mzigo uliwaangukia watu wachache wa chama kilichoshindwa. Gavana Kemp alikuwa wa Republican. Raffensperger alikuwa wa Republican, na alisema hadharani alimpigia Trump. Msaidizi wake Gabriel Sterling naye vilevile. Tarehe 1 Desemba Sterling alisimama mbele ya waandishi, sauti ikimtetemeka kwa hasira, akisimulia kijana fundi wa mitambo huko Gwinnett aliyetishiwa kwa kitanzi, akamtaka rais akemee vitisho hivyo kabla mtu hajauawa.

Madai yalichunguzwa moja moja. Bahasha 15,118 za kura za posta za Cobb zilikaguliwa sahihi zake, na hakuna kura hata moja ya udanganyifu iliyoonekana. Ilidaiwa kura za marehemu zilikuwa maelfu, lakini uchunguzi wa jimbo hatimaye ulikuta nne.

Tarehe 2 Januari 2021 Trump alimpigia simu Raffensperger. Walizungumza kwa takriban saa moja, na mazungumzo yakarekodiwa. Rais alisema anachotaka ni kupata kura 11,780, moja zaidi ya pengo. Raffensperger akamjibu kwamba takwimu alizo nazo rais si sahihi. Ukiisikiliza rekodi hiyo, hakuna anayepaza sauti kwa ushujaa. Unamsikia Raffensperger, mhandisi kwa taaluma, akikataa kubadilisha namba. Siku tatu baadaye, katika duru ya pili ya useneta, iliyolazimika kwa kuwa Novemba hakuna aliyefikisha nusu ya kura, Ossoff na mchungaji Raphael Warnock walishinda, na chama cha Democratic kikapata udhibiti wa Seneti.

Walioachiwa gharama

Kuna waliolipa zaidi ya viongozi hao. Mama mmoja na binti yake, watumishi wa kuhesabu kura Fulton, walituhumiwa kwa video iliyokatwa vipande kwamba walificha masanduku. Walitukanwa na kutishiwa, na mama akalazimika kuihama nyumba yake. Mwaka 2023 baraza la mahakama lilimwamuru Rudy Giuliani awalipe dola milioni 148. Nawafikiria hawa kuliko ninavyomfikiria gavana yeyote. Uchaguzi wote duniani umesimama juu ya watu wa aina yao: walimu, wastaafu, vijana wa ajira za muda, wenye posho ndogo na kalamu ya ofisi.

Jimbo nalo lilijibu kwa namna yake. Machi 2021 Kemp alisaini sheria iliyobana kura za posta, ikakataza kuwagawia maji na chakula walio kwenye foleni karibu na kituo, na ikamwondoa Katibu wa Jimbo kwenye uenyekiti wa Bodi ya Uchaguzi. Aliyekataa kubadilisha namba akapokonywa kiti. Wapiga kura wa chama chake waliona tofauti. Mwaka 2022 Raffensperger alimshinda mpinzani aliyeungwa mkono na Trump katika mchujo. Kesi ya jinai iliyofunguliwa Fulton Agosti 2023 dhidi ya Trump na wenzake 18 ilizaa wanne waliokiri makosa, kisha ikazama katika mgogoro wa mwendesha mashtaka na kufutwa Novemba 2025. Mahakama haikutoa jibu la mwisho kuhusu simu ile.

Mwaka 2024 Trump aliichukua tena Georgia kwa kura 115,100. Kamala Harris alipata kura nyingi kuliko Biden wa 2020, lakini Trump aliongeza zake kwa takriban 200,000. Mitambo ilikuwa ileile, karatasi zilezile, kaunti zilezile, na safari hii Trump hakuzungumzia wizi. Waliodhani 2020 iligeuza Georgia kuwa ya Democratic daima walikosea kama waliodhani itabaki ya Republican daima. Ni jimbo la kugombewa, na yeyote anaweza kulishinda au kulipoteza.

Ndiyo maana hesabu ya 2020 inastahili kukumbukwa na pande zote mbili. Wale waliokaa mezani Novemba ile hawakujua kama kazi yao ingemfaa Biden au Trump, na kura zilizosahaulika zilipopatikana, kwa jumla ilimfaa Trump. Walijua tu kwamba karatasi iliyo mkononi ni ya mtu aliyepanga foleni, na kwamba mwenzao wa upande wa pili wa meza lazima aisome pia kabla haijawekwa kwenye fungu.